Maji Meupe ya Lukwenzi

Mwaka maji yalipoanza kutoka meupe kwenye kiwanda cha nguo, watu wa Bondeni walichinja mbuzi wakala. Visima vyao hawakuvigusa. Waliutazama mto Lukwenzi kwa jicho la pembeni, kama mke anavyomtazama mlevi aliyesema ameacha. Ukapita mwaka, ukapita mwingine, mto ukabaki vilevile, mchanga wa chini unaonekana na ukitupa shilingi unaiona ilipolala. Mwaka huu ndipo walipoamini. Wakashika majembe, wakafukia visima.

Semeni Lukwele, mama fundi wa kiwanda hicho, alipata habari hiyo akiwa amepanda juu ya tangi la mabamba, anakwangua chumvi iliyoganda kwenye mabomba. Mwenye kuileta alikuwa Mbaruku Kinyogoli, mzee mwembamba wa Bondeni, mtani wake. Alikuwa ameingia bila kubisha, kama kawaida yake, akamtazama kutoka chini na kumuuliza kwa nini kifo kinachelewa kumchukua, au nacho kinaogopa harufu ya milimani. Semeni akamjibu bila kugeuka kwamba akifa yeye hakuna atakayempa vitambaa vya kujifutia kamasi. Wakamaliza salamu.

Mgeni wa nchi zile angedhani wanagombana. Watu wa Juu, walioshuka milimani kuja kufanya kazi kiwandani, na watu wa Bondeni, ambao mto huwafikia baada ya kupita kiwandani, ni watani tangu babu na babu. Mtani huingia uani kwako akabeba kuku, na huna la kusema. Mtani huja msibani akalala kando ya jeneza mpaka apewe kitu ndipo ainuke. Na mtani hakuambii jambo la kweli kwa uso wa kweli. Akikukazia macho na kusema polepole, ujue hapo anakutegea, na ukiamini utachekwa mpaka mavuno.

Mbaruku alikuwa amefuata kitambaa cheupe, kikubwa, cha kudumu. Semeni alijua cha nini. Zamani, kabla ya mabamba, kiwanda kilimwaga rangi mtoni kama ilivyo, na watu wa Bondeni walijiwekea utaratibu wao. Anayeamka kwanza huenda kivukoni kuutazama mto. Ukiwa mwekundu, anatundika kitambaa chekundu kwenye mti wa kivuko. Ukiwa wa bluu, cha bluu. Mtu akitokea shamba na kiu yake anakiona kwa mbali, anageuka kwenda kisimani. Ukiwa mweupe wanatundika cheupe, na hapo ndipo watoto hukimbilia mtoni na ndoo. Sasa cheupe kilikuwa kimekaa juu miaka mpaka kimechanika kwa jua. Wanataka kingine, alisema Mbaruku, na visima wamefukia, maana kisima kisichochotwa huzaa mbu, na maji yake yalikuwa ya magadi, maharage hayaivi.

Akaendelea kuzungumza. Mjukuu wake Chausiku ameachishwa ziwa, anakunywa maji ya mto mpaka tumbo linalia kama ngoma. Ana vidonda mdomoni, na watoto wa jirani pia, lakini ni maembe mabichi hayo. Mkwewe naye macho yamekuwa ya manjano. Uvivu, alisema Mbaruku, na akacheka.

Semeni aliweka chini kikwanguo. Akamwambia amsubiri kivulini, penye magunia ya chumvi. Akashuka ngazi taratibu, kwa sababu magoti yake hayakuwa ya kushuka haraka, na kwa sababu hakutaka kufika alikokuwa anakwenda.

*

Hapo mwanzo mabamba yalikuwa ya chuma. Unayapanga ndani ya tangi kama mikate kwenye sanduku, unapitisha umeme, na chuma kinaanza kulika. Kule kulika ndiko kazi yenyewe. Chuma kinatawanyika majini, kinaikamata rangi, vinagandana, halafu viputo vinavyotoka kwenye mabamba ya upande wa pili vinalibeba ganda lile juu kama utando wa maziwa. Semeni na wenzake walilikomba kwa mafagio. Lilikuwa tope zito, linanuka kutu, na kulizika kwenye mashimo ya saruji kuliwavunja migongo. Lakini mtu akiuliza uchafu umekwenda wapi, ulinyoosha kidole ukamwonyesha: ule pale.

Viputo vyenyewe ni haidrojeni, na haidrojeni inawaka. Kiwanda kiliikusanya, kikaisukuma kwenye mabomba hadi Mtaa wa Wafumaji, wanakokaa wafanyakazi wake, kila nyumba ikapata moto wa jikoni usio na moshi. Huo ndio uliokuwa mkataba wa nchi baada ya misitu kuisha na mkaa kuwa kitu cha kuficha. Kiwanda kisafishe maji yake, mji upewe moto wake. Na ili kiwanda kisidanganye, Mamlaka ya Mto ilisimamisha Jicho kwenye mlango wa maji. Jicho ni nguzo ndefu yenye kioo, haina mlinzi, haina likizo. Umeme wote wa kiwanda hupitia kwake. Likiona maji meupe, linaruhusu. Likiona rangi, linakata, na huo huwa mwisho mpaka wakaguzi waje na kuridhika.

Kisha chuma kikaadimika. Chuma cha nchi nzima kilikwenda pwani kujenga kuta za kuizuia bahari. Yakaletwa mabamba meusi, mepesi, yasiyolika, yanayotaka chumvi tu. Umeme unaichambua chumvi, inatoka klorini, na klorini inairarua rangi hadi maji yanabaki kama ya mvua. Hakuna utando, hakuna tope. Viputo vikazidi, na moto jikoni ukawa mkali zaidi. Mtaa ulishangilia. Semeni alikuwa peke yake aliyebaki ameshika fagio lisilo na kazi, akauliza uchafu umekwenda wapi.

Aliyemjibu siku ile alikuwa Injinia Mkumbwa, na ndiye huyu aliyemwendea sasa. Alimkuta ofisini amevua viatu, kichwa ameegemeza ukutani. Si mtu mbaya. Alikuwa amechoka kwa namna ya watu wanaolijua jambo na hawana pa kulipeleka. Alishamwambia Semeni mapema kwamba rangi imevunjika, haijaondoka. Vipande vyake vimo humo humo majini, na vingine vimeshikana na klorini vikawa vitu vipya, vibaya kuliko vya kwanza, visivyoonekana. Alishapeleka chupa za maji kwa Mamlaka. Jibu lililorudi ni kwamba maji ni meupe na Jicho limethibitisha.

Semeni akamweleza habari za visima. Injinia akafumba macho. Akauliza kama ni vyote. Vyote.

"Twende wote ukawaambie," Semeni akasema. "Wewe si mtani wao. Wewe watakusikia."

Injinia aliondoa kichwa ukutani. Halafu akasema kwamba siku atakayosimama Bondeni na kusema maji ya kiwanda hiki yana sumu, kiwanda kinafungwa siku hiyohiyo na yeye anashtakiwa kwa kupinga kipimo cha serikali. Watu wa Mtaa wa Wafumaji watarudia mkaa. Alikuwa ameomba chuma, akaahidiwa kingekuja baada ya mvua. Wakingoja kidogo tu.

"Wanaokunywa hawangoji," alisema Semeni.

"Najua."

"Unajua, halafu?"

 Injinia akaanza kuvaa viatu, kimoja kimoja, kama mtu asiyejua anakwenda wapi. Semeni akaondoka kabla hajamaliza kufunga kamba.

*

Mbaruku alikuwa bado penye magunia, analamba chumvi kidoleni. Semeni akakaa kando yake. Alitafuta namna ya kusema na akaona hakuna ila kusema.

Akamwambia maji ya mto yana sumu. Akamwambia weupe ule ni wa dawa ya kutolea madoa, kwamba aliweka perege kwenye ndoo ya maji yale asubuhi na kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameelea tumbo juu. Akamwambia vidonda vya watoto havitokani na maembe. Wafukue visima, leo, wasingoje.

Alisema yote hayo polepole, amemkazia macho.

Mbaruku alimtazama, midomo ikaanza kumcheza. Kisha akaangua kicheko hadi kofia ikamdondoka. Akasema kweli watu wa milimani wamefika mbali. Zamani walikuwa wanaiba kuku tu, sasa wanataka kuona Bondeni nzima imeinama inachimba mashimo juani huku wao wamekaa juu wanakula karanga. Akamkumbusha mwaka ule alipomwambia Serikali inahesabu ndevu, naye akaenda kwa mtendaji na ndevu zake zote kujiandikisha. Hajasahau. Safari hii hapana.

"Mbaruku, sikutanii."

"Ulisema hivyohivyo ile siku ya ndevu."

Na ni kweli, alisema hivyohivyo. Semeni alimshika mkono, akaapa kwa kaburi la mama yake. Mbaruku akasema huyo mama ndiye aliyemuuzia babu yake mbuzi dume akidai ana mimba. Kisha, ili kuumaliza mchezo na kuonyesha nani mshindi, aliinuka, akaenda kwenye mfereji wa kutokea, akachota kwa viganja viwili maji yanayong'aa, akanywa, akajipangusa kidevu, akampigia goti kama bwana harusi.

Semeni hakuweza hata kupiga kelele. Alimtazama tu koo lake likipanda na kushuka.

Akampa kitambaa cheupe. Hakujua afanye nini kingine. Mbaruku alikikunja chini ya kwapa, akaondoka anaimba.

*

Nyumbani alimkuta Lusewa, mumewe, amekaa kwenye kigoda jikoni anamenya mihogo. Lusewa alifanya kazi chumba cha kusokota nyuzi ujana wake wote, na vumbi la pamba likamwachia mapafu ya kuhesabia pumzi. Zama za mkaa alikuwa akilala ameketi, na jikoni hakanyagi. Moshi kidogo ulitosha kumfanya abweke kwa kikohozi kutwa. Tangu moto wa bomba ufike alirudi jikoni, akawa ndiye mpishi. Alijivunia mihogo yake ya nazi kuliko alivyowahi kujivunia kazi.

Semeni alimweleza kila kitu, hata lile la Mbaruku kunywa. Lusewa alisikiliza bila kuacha kumenya. Moto wa bluu ulikuwa unawaka taratibu chini ya sufuria, hauna sauti, hauna harufu.

Semeni akasema maneno watu wa Bondeni hawayaamini, kwa kuwa maneno yanatoka kwa watani, na Mtaa mzima ni watani wao. Wanachokiamini ni kile wanachokiona kivukoni. Kesho kiwanda kinatia rangi nyekundu, kanga za harusi. Akizima mabamba rangi ikiwa tangini, itakwenda ilivyo. Wataiona, na watatundika chekundu.

"Na Jicho nalo litaiona," alisema Lusewa.

"Ndiyo."

Lusewa aliutazama moto. Alitazama kwa muda mrefu, kisu kimesimama kwenye muhogo.

"Unataka nikuambie nini?"

"Niambie niache, au niambie niende."

"Usiniulize mimi, Semeni. Mimi mgonjwa. Nitakujibu kigonjwa."

Wakala. Mihogo ilikuwa mizuri, na hilo lilimuumiza kuliko kama ingekuwa mibaya.

*

Siku iliyofuata, jua likiwa juu kabisa, rangi nyekundu iliteremka kutoka chumba cha rangi ikajaza matangi. Semeni alisimama mbele ya swichi kubwa ya mabamba. Hakuwa na hasira wala ushujaa. Alijisikia kama mtu aliyebeba gunia kutoka mbali na sasa anatafuta tu pa kulitua. Akaishusha swichi. Viputo vikaacha kupanda. Akazungusha gurudumu la lango, na maji yakatoka.

Yalikuwa mekundu sana. Alikuwa amesahau jinsi yalivyokuwa mekundu. Yalipita chini ya Jicho, na kwa pumzi moja hivi hakuna kilichotokea, akafikiri pengine nalo limekufa. Kisha vitanda vya kufumia vikanyamaza, kimoja baada ya kingine, kutoka karibu hadi mwisho wa jengo. Ndege wa kwenye paa wakasikika. Wafumaji wakaanza kutoka nje, wanafuta mikono, wanaulizana.

Injinia Mkumbwa alikuja anatembea, hakukimbia. Aliyatazama maji, akaitazama swichi, akakaa karibu naye kwenye magunia. Kwa sauti ya chini akamwambia lipo bamba lenye ufa, wote wawili wanalijua. Semeni aseme limekufa ghafla. Ajali ina msamaha, wakaguzi wataliona bamba, umeme utarudi baada ya siku chache, na moto wa watu utarudi. Hakuna atakayeumia.

"Na maji yatarudi meupe?"

"Yatarudi."

"Na Bondeni watatundika cheupe."

 Wafumaji walikuwa wameshakaribia, wamesimama nusu duara, na mbele yao mama mmoja mwenye kitoto mgongoni aliuliza nini kimeharibika. Alimuuliza Semeni, kwa heshima, akimwita shangazi.

"Hakuna kilichoharibika," Semeni akasema. "Nimezima mimi." Akawaeleza kwa nini. Alieleza yote, kama alivyomweleza Mbaruku, na hawa hawakucheka. Ila haikusaidia. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza wanawe watapikiwa kwa moto gani leo jioni.  Wafumaji wakatawanyika bila kumtukana, na angependa wangemtukana.

Injinia alibaki. Akasema basi naye ataandika hivyohivyo alivyosikia, kwa mkono wake, kwamba fundi amezima kwa makusudi kwa sababu maji meupe yana sumu. Alisema kana kwamba anakiri homa. Akaenda ofisini kuandika.

*

Mkaa haukukosekana, ulikuwepo siku zote mahali fulani. Ulitoka mafichoni Mtaa mzima. Moshi ukakaa chini kati ya nyumba kama wageni waliokaribishwa mara moja wakakataa kuondoka. Asubuhi Semeni alikuta jivu limemwagwa mlangoni pake. Alilifagia. Alikuwa na fagio.

Lusewa alikuwa uani kwenye kiti, amejifunika shuka, anabweka. Katikati ya kikohozi kimoja na kingine alikuwa anamwelekeza jinsi ya kupunguza maji kwenye mihogo. Semeni alikuwa ameinama anapepea jiko, machozi yanamtoka, ya moshi na ya mengine, aliposikia sauti nje ya ua.

"Hodi."

Hakuitambua. Akaitikia, karibu. Aliyeingia alikuwa Mbaruku Kinyogoli, kofia ameishika mkononi. Maishani mwake hakuwahi kubisha hodi kwenye nyumba ile. Aliingia kwa mguu wa mgeni, akatafuta pa kukaa, akangoja mpaka aonyeshwe.

"Semeni," akasema. Hakuwahi pia kumwita jina. "Tumetundika chekundu."

"Vizuri."

"Tumesikia umezima wewe mwenyewe. Ulikuwa hunitanii."

"Sikuwa nakutania."

Aliuliza kama kuchemsha kunasaidia. Hakusaidii. Aliuliza kuhusu Chausiku, na Semeni akamwambia ampeleke hospitali, aseme wazi amekunywa nini, na huyo mkwe mwenye macho ya manjano aende naye. Na yeye mwenyewe pia. Kisha akamwambia lile gumu zaidi. Mto utatakata siku hizi hizi, kwa kuwa kiwanda kimelala, na kiwanda kitakapoamka utatakata vilevile. Macho hayatawasaidia tena. Chekundu wasikishushe, hata mto ukiwa mweupe kama maziwa, mpaka yeye Semeni aje kivukoni kwa miguu yake na kukishusha.

Mbaruku alilifikiria hilo. Ilionekana linampa taabu, kitambaa chekundu juu ya maji meupe. Mwishowe akaitikia. Akasema wameanza kufukua visima, udongo bado laini, kimoja kimeshatoa maji. Ya magadi yaleyale.

Lusewa akashikwa na kikohozi kirefu, kile cha kujikunja. Mbaruku akamtazama, akautazama moshi, akalitazama jiko unakotoka na upepo unakoelekea. Hakuuliza chochote. Aliinuka, akalishika jiko la mkaa kwa ncha za kanzu yake, linawaka vilevile na sufuria juu yake, akalibeba hadi pembe ya mwisho ya ua, upande ambao moshi ungekwenda kwa jirani wala si kwa mgonjwa. Akachuchumaa. Akachukua upepeo mkononi mwa Semeni, akaanza kupepea.

Semeni alisimama nyuma yake, mikono mitupu. Kwa mazoea ya miaka yote alingoja atukanwe: upishi wa milimani, mihogo kama magogo, chochote kile.

Mbaruku alipepea tu.